Kwa Baba, Aliyejua Joto kwa Kutazama

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimefika Nyacheki saa nane mchana na mvua juu. Viatu vyeupe! Sijui nilikuwa nawaza nini. Udongo wa hapa haujali mtu ametoka Nairobi au wapi.

Geoffrey, mdogo wangu, aliondoka asubuhi kurudi kazini, kwa hiyo zamu ya kumwangalia Tata, mzee wetu, sasa ni yangu. Wiki mbili. Kiharusi kimemwachia ulimi, kimemchukua mkono wa kulia. Nimemkuta sebuleni na sweta mbili, redio kando, lenzi ya kusomea ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Nikamwonyesha rasimu ya tasnifu, nikasema nimekuja kumalizia hii kitabu. "Kitabu hiki," akasema. Mwalimu Haron Omosa, miaka thelathini na moja ya kufundisha Kiswahili. Kisha tukanyamaza. Kunyamaza tunakujua vizuri, mimi na yeye, tangu tumzike Baba.

Hata humu daftarini siwezi kumwita Mama. Kwa Kigusii mama mzazi huitwa baba, na baba mzazi huitwa tata. Nilimwita Baba kabla sijajua kuna lugha nyingine duniani. "Mama" ni neno la vitabu vya shule, lina harufu ya chaki.

Chumba chake bado kimefungwa. Ufunguo uko palepale, juu ya fremu ya mlango.


Jumanne, 5 Agosti

Intaneti inashika tu kule juu, karibu na kituo cha kununulia chai. Nimesimama pale saa nzima na mwavuli nikipakua data. Wanawake waliokuwa wakisubiri lori na vikapu vyao wakaniuliza ninatafuta nini hewani. Nikasema jua. Wakacheka, maana lilikuwa halijaonekana tangu Jumapili.

Masahihisho. Mtahini anataka jambo moja tu — lakini ndilo jambo lenyewe.

Mimi napima joto la taji la jua, ile gesi nyembamba ya nje kabisa ambayo jicho huiona tu jua likipatwa. Uso wa jua una nyuzi kama elfu tano na mia tano. Toka nje yake, mahali ambapo mtu angetarajia kupoe, na joto linapanda hadi milioni na zaidi. Hakuna kipimajoto cha kupeleka huko. Kuna mwanga tu, tena ule wa urujuanimno, uliopita zambarau, usioonekana kwa macho na unaozuiwa na anga letu. Setilaiti ndiyo hutukusanyia. Ndani yake, ukiutawanya, kuna mistari ya chuma. Chuma! Kimekuwa mvuke, kimenyang'anywa elektroni, na kila hatua ya kunyang'anywa ina mistari yake. Nagawanya ung'avu wa mstari mmoja kwa wa mwingine, wingi wa chuma unajifuta wenyewe, linabaki joto.

Sasa mtahini anauliza: una hakika hiyo ni gesi moja? Kama kuna mbili zimesimama kwenye njia moja ya macho, moja nyuma ya nyingine, basi hiyo nambari yako si ya yoyote kati ya hizo. Ana haki, na ninamchukia kidogo. Jedwali la nne lote nalifanya upya.

Kitabu lazima kiwe kwa mfunga vitabu mjini Kisii Jumatatu ya tarehe 18. Msimamizi wangu amesema nikipitisha siku hiyo, kuhitimu ni mwaka ujao.


Alhamisi, 7 Agosti

Leo nimefungua chumba cha Baba. Nilikuwa natafuta blanketi. Chini ya kitanda nikaipata pasi yake ya makaa, ile yenye kijogoo kwenye kifungio, imefunikwa na gazeti la zamani. Nimekaa sakafuni nayo mapajani muda mrefu.

Alipiga pasi nguo za walimu wa shule tatu. Hakuwa na saa wala kipimo. Anafunua mfuniko, anaangalia makaa. Yakiwa mekundu ya kiza, anatikisa kichwa. Yakigeuka rangi ya papai lililoiva, anasema "bono" — sasa — na ananyoosha suti za pamba. Yakianza kuvaa majivu, ndiyo zamu ya nguo nyepesi. Hakugusa kamwe kujaribu. Hakutemea mate kama majirani. Aliangalia tu. Nilikuwa nimekaa chini ya meza nikimsubiri aseme bono, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena mahali popote.

Na insha! Nimeikumbuka nikacheka peke yangu. Darasa la tatu, "Baba Yangu". Nikaandika: Baba yangu ni mrembo. Baba yangu anavaa leso. Baba yangu anamnyonyesha Geoffrey. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa Tata mwenyewe, wakati huo bado anafundisha hapa kabla hajahamishiwa Magwagwa. Akaisoma mbele ya darasa. Darasa likaanguka. Akacheka hadi akafuta machozi kwa tai. Niliitwa Baba Mrembo hadi darasa la nane.

Jioni nikamwambia Baba nikilia. Yeye hakucheka hata kidogo. Asubuhi yake shati la Tata la samawati, lile la kwendea mikutano, lilikuwa na alama ya pasi mgongoni, kahawia, na ncha yake kabisa. Alisema makaa yalimdanganya. Katika maisha yangu yote sikumwona akiunguza nguo nyingine.


Ijumaa, 8 Agosti

Nimeandika ukurasa wa tabaruku. Kanuni za chuo: Kiingereza au Kiswahili, hakuna lugha ya tatu. Kiingereza Baba hakujua hata cha kuombea maji. Kwa hiyo Kiswahili, ila jina nimeliacha ninavyomwita.

*Kwa Baba, aliyejua joto la moto kwa kuutazama tu.*

Miaka minne ya kazi kwa sentensi moja. Nimeridhika. Nimechapa ukurasa pale dukani, nikauweka mezani juu ya rasimu.


Jumapili, 10 Agosti

Sijui niandikeje.

Nilirudi kutoka kisimani, nikamkuta Tata mezani. Lenzi kwenye mkono wa kushoto. Ukurasa wa tabaruku mbele yake. Analia. Sijawahi kumwona akilia — hata kaburini alisimama kama yuko gwarideni. Nikadhani ni kiharusi tena, nikaangusha ndoo.

Akasema alidhani nimemkataa. Akasema alijua kwa nini, na hakuwa na la kujitetea: nilimpigia simu mara nne siku ile Baba anazidiwa, naye alikuwa kwenye mkutano wa wazazi Magwagwa, simu kwenye droo. Akafika maiti imeshaoshwa. Miaka mitatu hatujawahi kulitaja. Leo amelitaja mwenyewe, kwa Kiswahili chake sanifu, kituo kwa kituo.

Halafu: "Sikujua kama unaikumbuka siku ile ya migomba."

Siku gani? Sikuuliza, akaniambia. Novemba 2013, jua lilipopatwa. Alikuwa amekuja wikendi. Jioni akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akasema nisiangalie juu, jua litakuja lenyewe chini. Na likaja! Kwenye kila tundu la jani la mgomba, kijua kidogo ardhini, kimemegwa upande. Mamia. Juu ya viatu vyangu, juu ya mgongo wa kuku. Akaniambia huko kaskazini watu wangeona taji lake. Nilikuwa na miaka kumi na tano.

Neno "taji" nililipata kwake. Nilikuwa nimelisahau hilo kabisa, na miaka hii yote nimekuwa nikilitumia.

Nikafungua kinywa. Nikasema: Tata, lile neno Baba pale — Akanikatiza: "Umeliandika kwa herufi kubwa. Sawasawa." Akashika mkono wangu. Ule wake wa kushoto una nguvu kweli.

Nikaenda kuiokota ndoo. Nimeona haya, na nimefurahi, na nimekasirika, vyote kabla ya chai kupoa.


Jumatatu, 11 Agosti

Ameamka mapema. Ameomba kunyolewa. Ameuliza — mara ya kwanza tangu niende chuo — kazi yangu hasa ni nini.

Nikamwuliza akiona mtu kwa mbali kule bondeni, hamfikii, atajuaje kama ana joto? Akafikiri. Nikamwambia angalia amevua nini. Amevua koti tu, joto kidogo. Amevua na sweta, zaidi. Yuko na fulana, huyo anaungua. Chuma cha kwenye jua ni hivyo hivyo, kinavua elektroni. Kilichovua nane kiko kwenye nyuzi kama laki nane. Kilichovua kumi na moja, milioni moja na nusu. Mimi nahesabu tu nguo zilizovuliwa, kwa mwanga.

Tata akajitazama sweta zake mbili. "Basi mimi ni uso wa jua," akasema. "Taji bado."

Tumecheka. Nimekaa sana bila kucheka na mtu huyu. Nilimkumbuka alivyokuwa kabla ya Magwagwa, akirudi kutoka shuleni na chaki kwenye nyusi, Baba akimpangusa kwa ncha ya leso. Walipendana hao. Huwa nasahau hilo kwa makusudi.


Jumatano, 13 Agosti

Nimempigia Geoffrey nikamweleza. Amecheka kwanza, mjinga huyo. Kisha: "Wachana na hiyo stori, sis. Mzee ako poa mara ya kwanza tangu mathe atuache. Utamwambia nini sasa, eti si wewe?"

Nikamwuliza na Baba je, yeye apate nini. Akasema mathe hakuwa mtu wa kutaka jina lake vitabuni. Hiyo ni kweli, na ndiyo sababu hasa nilitaka liwemo. Nikakata simu.

Nimejaribu sentensi nyingine nyuma ya bahasha. Kwa Mama — si yeye, ni mwanamke wa kitabu cha shule. Kwa Bathsheba — ndilo jina lake, ila sijawahi kumwita hivyo, angegeuka kutazama ni nani mkorofi. Kwa wazazi wangu — kama fomu ya karo. Kwa Tata na Baba — Tata ataona amekuwa wawili, kisha ataelewa, na uso wake utarudi kuwa ule wa siku niliyofika. Siwezi.

Jedwali la nne limekwisha. Ni gesi mbili kweli. Moja ina milioni moja na laki mbili, nyingine milioni mbili na kidogo. Ile nambari yangu ya zamani, niliyokuwa nikijivunia kwenye mikutano, haikuwa ya hata moja kati ya hizo. Nimemwandikia mtahini nikamshukuru. Nimemaanisha, kwa uchovu.


Ijumaa, 15 Agosti

Mjini Kisii. Nimempelekea Ogoti, mfunga vitabu, kurasa zote. Akazipekua kwa kidole chenye gundi, akafika kwenye tabaruku. "Hii kurasa ya mbele inabaki hivyo ama kuna kubadilisha? Sema mapema, madam. Jumatatu saa mbili mimi nafunga." Nikasema nitampigia Jumapili jioni. Akaniangalia kama mteja msumbufu, ambaye ndiye mimi.

Kurudi nyumbani nimemkuta Mzee Ogeto wa kanisani sebuleni. Amesikia nasomea korona. Amekuja na ndimu sita na tangawizi, na kuuliza kwa sauti ya chini kama imerudi. Nikamweleza ni taji la jua, jina tu limefanana. Akashusha pumzi, lakini ndimu hakuzirudisha mfukoni, akasema zitafaa kwa kikohozi cha kawaida.

Tata alikuwa ameshamsomea ile sentensi. Ameihifadhi kichwani. Akairudia mbele yangu, polepole, na alipofika "kuutazama" akamweleza Mzee Ogeto ni kwa nini ni "kuu" na si "ku", kwa sababu moto uko ngeli ya mti. Kuhusu moto wenyewe hakusema neno. Na hapo nikashtuka kidogo. Siku ya migomba hapakuwa na moto wowote. Mwalimu anayeona kiambishi, haoni hilo?

Labda haoni. Mtu akiwa na njaa hachunguzi sahani.

Mzee Ogeto amesema Sabato kesho atawaambia wazee wamwombee binti aliyemheshimu baba yake. Nikaenda jikoni nikasugua sufuria iliyokuwa safi.


Jumamosi, 16 Agosti

Kanisani walitusimamisha. Tata na mkongojo, mimi kando yake na gauni la kijani. Makofi. Kwa Kigusii mzee wa kanisa alisema nimeandika kitabu kwa ajili ya tata. Tata. Alitafsiri bila shida yoyote, jinsi mtu yeyote mwenye akili angetafsiri.

Nilitazama kiti cha tatu kutoka dirishani. Pale ndipo Baba alikaa, na Biblia yake ya Kigusii na peremende mbili za kutunyamazisha. Nilimwomba msamaha pale pale, kimya, wakati watu wanapiga makofi. Najiona mwizi.

Nimeamua. Kesho namwambia. Asubuhi, kabla ya chai.


Jumapili, 17 Agosti

Sikumwambia kabla ya chai. Wala baada ya chai.

Saa nne akaingia Bonareri, dada mkubwa wa Baba, kutoka Birongo, na ndizi mbivu kichwani kana kwamba hana miaka sabini na nane. Ana pua ya Baba. Ana hata namna ya Baba ya kukaa, mguu mmoja chini ya mwingine. Nilipomkumbatia nilinusa moshi na sabuni ya kipande, nikashindwa kumwachia. Akanipapasa mgongo akisema omwana one, omwana one, mwanangu.

Kiswahili hajui. Alisikia habari za kanisani hadi Birongo, akaja kujionea hiki kitabu cha jua.

Tata akaniambia nimletee ule ukurasa. Bonareri akaushika juu chini, akaupapasa, akasema umeandikwa vizuri. Kisha akanirudishia. Nimsomee, akasema, kwa lugha ya nyumbani, nisimletee ya shule.

Kwa Kigusii hakuna pa kujificha. Nikisema tata, nimemzika Baba mara ya pili, tena mbele ya dada yake. Nikisema baba, Tata anasikia. Yuko pale, hatua mbili, ametoka kunyolewa.

Nikasema miwani yangu iko chumbani. Sivai miwani ya kusomea, na Tata anajua.

Nikiwa mlangoni nikamsikia akimwambia Bonareri, kwa Kigusii, taratibu, kama mtu anayesoma imla: unalikumbuka shati langu la samawati? Lile lenye alama ya pasi mgongoni? Bonareri akasema ndiyo, ulilivaa chini ya koti miaka miwili, ulikuwa bahili. Tata akacheka. Akasema Bathsheba hakuwahi kukosea moto. Aliangalia tu makaa akajua. Hata asubuhi ile hakukosea.

Bonareri akasema mbona hilo lilijulikana kijiji kizima.

Kisha Tata akaniita. Hakugeuka kunitazama, alikuwa anaangalia nje dirishani, mashamba ya chai na mvua. Akasema kwa Kiswahili: "Nyanchoka. Msomee mama yako mkubwa. Lile jina liache ulivyoliandika." Kisha: "Usilitafsiri."

Kwa hiyo anajua! Tangu lini? Tangu asubuhi hii? Tangu Ijumaa, kwenye kiambishi? Au tangu ile Jumapili, na lenzi mkononi, na machozi yale yalikuwa ya kitu kingine nisichokisoma vizuri? Herufi kubwa. Sawasawa. Nilidhani ananikatiza.

Au hajui. Au anataka tu nisome alivyozoea kusoma yeye, na shati limemjia kwa sababu Bonareri ana pua ile.

Niko chumbani kwa Baba, nimekaa kitandani, daftari gotini, pasi miguuni. Ogoti amepiga mara mbili, sijapokea. Ukurasa uko hapa mkononi. Sebuleni Bonareri anauliza mtoto amepotelea wapi na karatasi yake.

Tata amezima redio. Nasikia anasogeza kiti cha tatu, kile cha ukutani, anakivuta kwa mkono mmoja hadi karibu na dirisha. Kiti cha Baba cha hapa nyumbani. Anamwambia Bonareri asikikalie.

Bono, Nyanchoka. Simama.